Maji Yaliyotulia Upesi

Wapendwa, wekeni simu kando mnisikilize. Alikuwepo bwana mmoja, mpimaji wa udongo, aliyetaka kumjengea mama yake nyumba. Akachukua udongo wa kile kiwanja, akaenda nao maabara.

Mchanga hupimwa kwa chekeche. Udongo laini hupita wote, kwa hiyo hutiwa kwenye silinda ndefu ya kioo yenye maji, ukatikiswa, ukaachwa. Chembe kubwa huzama kwanza. Zile ndogo kabisa, za mfinyanzi, huelea mpaka kesho yake, na hizo ndizo za kuogopa, kwani mfinyanzi ukinywa maji huvimba na kuinua msingi.

Mwenzake wa maabara akamwambia, “Kaka, dawa ya kutenganisha chembe imeisha. Tungoje ya Jumatatu?”

“Ya nini, dada yangu? Kazi hii nimeianza jana? Tikisa tu.”

Kabla ya chakula cha mchana maji yalikuwa meupe, unaona mpaka upande wa pili. Bwana akafurahi. “Hakuna mfinyanzi hapa. Mama atalala salama.”

Masika ya kwanza, mama akapiga simu. “Mwanangu, mlango umekataa kufunguka, na ukuta unalia.” Alipofika, jamani, ukuta ulikuwa umeshalala juu ya kitanda. Walimtoa mama akiwa hai, nyonga imevunjika. Hajatembea tena.

Yule bwana akarudi maabara na matope ya pale pale. Safari hii akatia dawa, akatikisa. Mchana ukapita, maji bado kama uji. Asubuhi yake, bado.

“Huu umeutoa wapi?” mwenzake akauliza.

“Ni ule ule,” akasema, akakaa chini sakafuni. Ndipo alipoelewa. Siku ile chembe za mfinyanzi zilikuwepo zote. Kwa kukosa dawa zilishikana, zikawa mabonge, zikazama pamoja kama mchanga, zikamwachia maji safi ya kutazama.

Sasa tujitazame sisi. Mnapenda kusema kanisa letu limetulia. Halina kesi, halina kelele. Nami nauliza: limetulia kwa sababu ni safi, au kwa sababu tumeshikana?

Tangu Alhamisi, mama mmoja wa kwaya yetu amelazwa wodini, taya limevunjwa. Aliyemvunja ni mumewe, naye ameketi humu, na suti yake. Majirani zake mko humu. Mlisikia. Mkasema ni mambo ya ndani, tusimwaibishe mzee wa watu.

Msiinamishe vichwa, leo hatuombi kwanza. Mliosikia, simameni mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake, mseme mlichosikia. Mlango wa kanisa nimeshaufunga, na mwenyekiti wa mtaa yuko hapo nje anangoja.