Mwadime Hakai Hapa

Wewe uliyekaa karibu na moto, una majina mangapi? Usihesabu, jibu tu. La nyumbani, la kanisani, la shuleni, na lile unalojipa ukiwa safarini. Haya. Na mtu akiwa taabani, akakuita kwa lile usilolipenda, utaitika?

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mnang'olewa meno. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Palikuwa na zamani, zamani ile ambayo kila mtu huisifu kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumbishia. Palikuwa na kijiji kwenye mgongo wa mlima, ukungu asubuhi, ukungu jioni. Na katika kijiji hicho alikuwako Bi Mghoi, ajuza ambaye mpaka leo tukizika mtu tunamtaja.

Dini ilipopanda mlima, Bi Mghoi alikuwa wa kwanza kuipokea. Mhubiri akamuuliza, "Tukubatize nani, mama? Rebeka? Debora?"

"Mghoi."

"Hilo ni la kale. Ni la gizani."

"Mungu alianza kunijua lini?"

"Tangu tumboni mwa mama yako."

"Basi mle tumboni hamkuwa na Debora. Nimwagie maji, mwanangu, nasikia baridi."

Akamwagiwa maji. Akabaki Mghoi.

Wengine hawakutaka maneno. Walichukua majina mapya kama watu wanavyochukua nguo za kugawiwa, bila kupima. Kijiji kikajaa akina Zakaria. Ukiita Yohana, nusu ya wanaume wanageuka, na mbwa mmoja. Sisemi ni vibaya. Jina jipya ni jambo jema, likiwa na mtu ndani yake.

Sasa palikuwa na Mkawasi, mjane, na mwanawe wa pekee, Mwadime. Huyu Mwadime alijitwalia jina la Petro, akalishika kwa mikono miwili. Ukimwita Mwadime, haitiki. Ukirudia, anakwambia, "Mwadime alikufa. Alizama kwenye maji ya ubatizo." Watu wakatikisa vichwa: huyu ameokoka kwelikweli. Mama yake hakuwa amebatizwa, na shanga zake alikuwa hajazivua. Alicheka tu. "Marehemu gani huyu? Jana amemaliza viazi vyangu."

Ikaja mvua. Mvua gani hiyo! Chwaa asubuhi, chwaa jioni. Mlima ukalegea kama ugali uliozidi maji. Nyumba ya Mkawasi ilikuwa chini ya mteremko, na ukuta wa nyuma ukaanza kusema. Krrr. Krrr.

Siku hiyo, mchana, Petro alikuwa na mgeni. Mchungaji alikuwa amekuja kutoka mbali kumwangalia kama anafaa kuwa mzee wa kanisa. Kuku alichinjwa. Kitambaa cheupe kilitandikwa.

"Na watu wa nyumbani kwako, Petro," mchungaji akauliza, "wote wamo zizini mwa Bwana?"

"Wote, mchungaji."

Mara mlangoni: ngo, ngo, ngo.

"Mwadime!"

Petro akamsogezea mchungaji paja la kuku.

Ngo, ngo, ngo. "Mwadime, baba, nifungulie. Nyumba inalia."

Mchungaji akaacha kutafuna. "Mwadime ni nani?"

"Ni mtu aliyekuwa akikaa hapa zamani."

Petro akainuka. Akaenda hadi mlangoni. Hakugusa komeo. Aliweka mdomo kwenye ubao, akasema kwa sauti ya upole, ile ya kusomea zaburi, "Mama, Mwadime hakai hapa."

Kisha nyayo kwenye matope: chapu, chapu, chapu. Zikiteremka.

"Ongeza mchuzi, mchungaji," akasema Petro.

Kuku hajaisha, mlima ukashuka. Gruuum!

Watu wakakimbia na majembe. Walichimba mpaka kiza, wakachimba tena kulipokucha. Wakamtoa Mkawasi kwenye udongo, ili wakamchimbie udongo mwingine. Ndiyo dunia.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kaburi lao halikufukiwa hivihivi. Mtu mzima wa kijiji alisimama kichwani pa kaburi, akawaita watoto wa marehemu kwa majina waliyopewa na marehemu mwenyewe. Anayeitwa aliitika. Kisha aliulizwa, mara ya mwisho marehemu alipokuita, uliitikaje? "Aliniita nimletee maji, nikamletea." "Aliniita, nikamjibu kwa hasira." Lolote, mradi ni kweli. Ndipo udongo uliporudishwa. Wahubiri walipokuja hawakuikataza. Waliona hayo ni maungamo, na maungamo ya kweli walikuwa hawayapati kwa wingi.

Bi Mghoi akasimama kichwani pa kaburi. Mkawasi alikuwa kando, ndani ya mkeka. Mvua chwaa.

"Mwadime!"

Kimya.

"Mwadime wa Mkawasi!"

Petro alisimama palepale, na koti lake jeusi, akitazama miti.

"Bibi, niite Petro," akasema, "nitaitika mara moja."

"Mkawasi hakuzaa Petro."

"Mwadime alikufa, Bibi. Mimi ni kiumbe kipya. Au unataka nirudi nyuma?"

Watu wakagawanyika. "Maneno yake ni ya dini hayo," mmoja akasema. "Dini gani, na mama yake analowa!" mwingine akamjibu.

Maji yakaanza kuingia kaburini. Bi Mghoi akaomba kata. Akainama, na mgongo wake ule, akaanza kuchota. Chota, mwaga. Chota, mwaga.

Mchungaji mgeni alikuwa nyuma ya watu. Aliposikia lile jina, aliinua kichwa. Akamtazama Petro. Kisha akatazama mkeka. Alivua viatu, akakunja suruali, akaomba kata ya pili. Chota, mwaga. Petro akaona, akafunga vifungo vya koti lake. Watu wakadhani ni baridi.

"Bi Mghoi, tufukie tu," wakamsihi. "Tutakufa sote hapa."

"Nendeni mkaote moto. Mimi nachota."

Hakwenda mtu. Maji yanaingia, maji yanatoka. Mchana ukazeeka.

Bi Mghoi akasema, bila kuacha kuchota, "Haya, Petro. Nimekuita kwa jina lako. Huyo mtu uliyeazima jina lake, alimkana nani?"

"Bwana wake."

"Baadaye?"

"Alilia sana."

"Na Bwana alipomkuta tena, baada ya yote hayo, alimwitaje? Wewe ndiye msomaji. Mimi macho yangu hayaoni."

"Simoni," akasema Petro. "Simoni mwana wa Yohana."

"Kumbe lile la nyumbani lilikuwa halijazama."

Chota, mwaga.

Ngojeni. Funzo nawapa sasa, kabla ya mwisho, kwa sababu mwisho wake haupendi kuongezewa chumvi. Maji ya ubatizo yanamwosha aliyeingia, hayamwoshi aliyemtuma mwingine aingie kwa niaba yake. Anayesema "si mimi" atatubu vipi? Asiyekuwapo hasamehewi. Basi, nimesema. Nikifika mwisho nitafunga mdomo, nanyi mwende mkalale. Msiniombe mkia wa hadithi.

Bi Mghoi akaweka kata chini. Akanyoosha mgongo, mfupa kwa mfupa.

"Mwadime!"

Mvua chwaa.

"Labeka."

Watu wakageuka. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto aliyevunja chungu.

"Mara ya mwisho mama yako alipokuita, uliitikaje?"

Akapiga magoti kwenye matope, na koti lake. Akaushika mkeka.

"Alikuja mlangoni kwangu. Alibisha mara mbili. Nilikuwa nyuma ya ubao, hata pumzi yake niliisikia. Nikamwambia sikai pale. Akateremka kwenda kufa. Ni mimi. Mimi Mwadime. Nilikuwa ndani."