Aliyeuliza Habari Mlangoni

Mtu mmoja alikuwa na binti aliyesoma chuo cha mjini, na binti huyo aliitwa Navoneiwa. Alikuwa na akili, hilo sikatai. Alikuwa na ulimi mwepesi na mwandiko mzuri, na vitu hivyo viwili vikikaa kwa mtu mmoja humfanya aamini kwamba hana anachokosa.

Siku moja mwalimu wao akawapa kazi ya utafiti. Kila mwanafunzi arudi kwao, apite nyumba kwa nyumba, aulize watoto wanaumwa nini, kisha aje asimame mbele ya watu aeleze alichokikuta. Siku ya kueleza wangekuwepo wageni wa idara ya afya, na dawa walizokuwa nazo zilikuwa chache. Kijiji kitakachoonekana kimezidiwa na magonjwa ndicho kitakachoanza kupelekewa. Kwa hiyo haikuwa kazi ya alama peke yake. Navoneiwa alilijua hilo, alilisikia kwa masikio yake.

Akarudi kwao mlimani. Mama yake akamuuliza habari za safari, akajibu nzuri, na huku alitapika njia nzima. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama ndani umelaza maiti. Nzuri ile ni ya mlangoni. Mgeni akishakaribishwa, akakaa, akapewa maji akanywa, akatulia, ndipo unamwambia, "Nzuri, ila..." Na hiyo ila ndiyo yenye habari. Navoneiwa hakufundishwa jambo hili na mtu. Alizaliwa akalikuta.

Sasa sikilizeni alivyozitumia siku zake. Alinunua kadibodi kubwa nyeupe na kalamu za rangi. Akachora maua pembeni. Akaandika kichwa cha habari, hakikumpendeza, akaigeuza kadibodi akaanza upya. Akasimama mbele ya kioo akajifunza kuinua mkono na kuushusha, mahali pa kutabasamu na mahali pa kukunja uso. Mama yake akimwambia, "Kapite kwa watu, mwanangu," yeye anajibu kesho. Ikawa kesho, kesho, mpaka ikabaki asubuhi ileile ya kuondoka, na gari la mjini haliwasubiri wenye maua.

Basi akatoka mbio. Nyumba hii anasimama mlangoni, shikamoo, habari za watoto? Nzuri. Anaandika nzuri, huyoo, nyumba ya pili. Bi Nanzia, aliyekuwa anaanika mahindi uani, akamcheka: "We binti, unasalimia kama umefukuzwa na nyuki! Hata marahaba yangu huisubiri?" Navoneiwa akacheka naye, akaandika nzuri, akapita.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba yake, yule aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Shangazi alitoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo shangazi. Habari za mtoto?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri. Pita ndani ukae."

"Nitakaa siku nyingine, shangazi, gari litaniacha."

Shangazi alibaki ameshika kigoda alichokwisha kumvutia. Navoneiwa alikiona. Alimsikia pia mtoto ndani, kilio chembamba, cha mtoto aliyechoka hata kulia. Akajiambia watoto hulia. Akaandika nzuri.

Siku ya kueleza alipendeza, nani atakataa? Gauni limepigwa pasi, mkono unainuka pale pale ulipofundishwa kuinuka. Akasema kwamba kwao watoto wote ni wazima, na uzima wenyewe akawa ameupaka rangi ya kijani. Makofi yakapigwa. Baada yake akasimama kijana wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, karatasi imekunjamana, mwandiko umepinda. Akasema watoto wa kwao wanaharisha tangu chemchemi ya bondeni ichafuke. Kisha akarudi kuketi. Chemchemi hiyo ndiko wanakochota maji hata watu wa kwao Navoneiwa, na bado hakushtuka. Alimwonea kijana huruma, ndiyo. Alimwonea huruma kwa mwandiko wake mbaya.

Alama za juu akapata yeye. Dawa zikaenda ng'ambo.

Haukupita muda, habari ikamfikia chuoni kwamba mtoto wa shangazi amefariki, na kilichomuua ni kuharisha. Alikuwa ameanza kuumwa tangu kabla ya asubuhi ile. Navoneiwa akarudi msibani. Safari hii alikaa. Alikaa chini, kwenye mkeka, na hapakuwa na gari la kumwacha. Alilia mpaka waliokuwa wakimnyamazisha wakachoka, wakamwacha. Ndipo akamgeukia shangazi yake akasema, "Shangazi, mbona hukuniambia?"

Shangazi hakupandisha sauti. Hakumtukana, ingawa matusi yangemfaa. Alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni, akasema:

"Ulikaa wapi, mwanangu, nikuambie?"

Siku hizi Navoneiwa ni mtu mzima, ana kazi na ana heshima zake. Kila anapoingia nyumba ya mtu hukaa kwanza, hunywa maji, hungoja. Watu wanamsifu kwamba ana adabu. Yeye huinamisha uso tu, maana kukaa kote huko hakujamrudishia shangazi yake mtoto.

Nanyi mnaopita kwa watu mkiuliza habari zao: mnataka kujua, au mnataka kujibiwa tu?