Bi Mashavu na Alama ya Matope

SHAURI NAMBA SABA: KUHUSU MKAZI KUPWAYA KATIKA ALAMA YAKE.

Ndivyo jambo hili lilivyoandikwa hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mihuri na vikao visivyokwisha. Sikilizeni. Nanyi mnaochekacheka huko nyuma, mtaacha wenyewe.

Kila mkazi mpya wa mtoni alilala topeni, pwaa! Tope likikauka, alama ya mwili wake ikawa ndiyo hati ya kumiliki dimbwi lake.

Bi Mashavu, kiboko, alikuwa mnene hata magoti yakagoma. Mganga akamwambia: punguza, ama utatambaa. Akapunguza. Miaka miwili ya kupanda kilima kwa miguu na kulala na njaa! Magoti yakapona. Lakini ngozi haikupungua naye. Ilining'inia tumboni na mapajani, ikamchubua akitembea, akaificha kwa kanga mbili. Akikaa, mifupa inauma. Maji aliyoyazoea sasa yanamtia baridi. Na njiani je?

"Maskini, unaumwa?"

"Umekwisha, shoga! Zamani ulikuwa na sura."

Hao hao ndio waliokuwa wakimwita Pipa.

Siku ya ukaguzi, Karani Kifaru akamwamuru alale kwenye alama yake. Akalala. Pembeni pakabaki nafasi ya kulaza ndama wawili.

"Huyu siye," akasema Kifaru. "Mwenye dimbwi ametoweka. Nitalihamia mimi, kwa muda."

"Ni mimi, Karani! Jana tu ulinisalimu kwa jina!"

"Salamu si ushahidi, mama."

Mwenyekiti Tembo akapepea masikio, ishara kwamba anafikiri. Hakuwa anafikiri.

Ndipo Pimbi, jirani yake Bi Mashavu, mnyama asiyemzidi paka, akarukia jiwe: chupu!

"Shikamoo, Mwenyekiti. Karani ana haki. Ila hata alama ya Karani mwenyewe ina kasoro. Ile mikunjo ya shingoni ni ngozi tu, si nyama. Ifutwe."

"Ifutwe?" Kifaru akafoka, puuu! "Kinachogusa tope ni ngozi, kidudu wee! Ngozi ndiyo mwili!"

"Maneno matupu. Huthubutu kuliandika hilo."

Kifaru akaliandika. Akagonga muhuri, gwa! Tembo akatia sahihi bila kusoma, maana chakula cha mchana kilikuwa kimeiva.

Pimbi akashuka, akanong'ona: "Dada, vua kanga."

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa hawa."

Bi Mashavu akafungua fundo la kwanza, na la pili. Kisha akazitupa kanga chini.

"Tazameni basi! Nilipokuwa mnene mlinicheka. Nimepungua, mnanizika hai! Hii hapa ngozi niliyowaficheni, nikidhani aibu ni yangu!"

Akajilaza. Akaikamata ngozi kwa meno upande huu, Pimbi akaivuta upande ule, vuuu! Ikatanda hadi ukingoni. Hapakubaki pa kupitisha unyasi.

Kifaru akayasoma maandishi mara tatu. Mwandiko ulikuwa wake.

Tembo akakohoa. "Kwa kweli, Bi Mashavu, umependeza."

"Sikukuuliza."

Basi, watoto: mwili wa mwenzako si baraza, usiukalie kutoa maoni.

Dimbwi lilibaki la Bi Mashavu. Alirudi nyumbani bado ana hasira, na ngozi ikimuuma pale ilipovutwa.