Siwa ya Nahodha wa Frigeti

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, mji wa Pwakuu ulikuwa na malkia aitwaye Mwana Rehani. Harusi yake ilipokaribia, maharamia waliufunga mlango wa bandari, na bwana harusi akakwama ng'ambo na jahazi lake la mchele na samli. Mwana Rehani, aliyemngoja miaka saba, alilia mpaka wanja ukamtoka.

Manahodha watatu wakaenda kumtafuta. Vyombo vyao vyote viliitwa frigeti, na havikufanana hata kidogo.

Vuai alikuwa na mashua ndefu ya makasia ishirini. Alipenya kwenye miamba pasipopita chombo kingine, akamkuta bwana harusi amejificha kwenye hori, mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu, akamwonyesha njia ya kutokea.

Ussi alikuwa na merikebu ya milingoti mitatu na mizinga thelathini. Alipita makusudi mbele ya maharamia, akawatukana vizuri, wakamfukuza siku mbili. Mlango ukabaki wazi.

Msellem alikuwa na manowari ya chuma, ya kula makaa ya mawe. Upepo ulipokata, jahazi likasimama. Akalifunga kamba, akalivuta huku akipigana na maharamia waliobaki nyuma, mpaka bandarini.

Basi vigelegele, ngoma, pilau jikoni! Hata mimi ningekuwapo ningecheza.

Lakini mila ya Pwakuu ilisema mume wa malkia hakanyagi ardhi mpaka nahodha wa frigeti apulize siwa, lile baragumu kubwa la shaba. Hupuliza mmoja tu. Huondoka na siwa, na jina la frigeti hubaki kwenye chombo chake peke yake. Wazee walioandika mila hiyo hawakueleza frigeti ni chombo cha namna gani. Siku zao kila mtu alikuwa akiiona pale ufukweni, nani angehangaika kuandika?

Vuai akasogea kwanza. "Mila ilipoandikwa, Mwana, frigeti ilikuwa mashua ya makasia kama yangu, hakuna nyingine. Na nisingemwona mumeo, hawa wenzangu wangemleta nani?"

Ussi akacheka. Akasema kina Vuai walilizaa jina, lakini waliolilea ni kina Ussi, kwa kuwa miaka mia mbili mtu akisema frigeti alimaanisha merikebu ya matanga, yenye mbio, inayotangulia kumtafuta adui. "Nami ndiye niliyepigwa mizinga. Hesabu matundu kwenye matanga yangu, Mwana, ukimaliza nipe siwa."

Msellem alikuwa bado anajipangusa masizi. "Leo mtoto yeyote bandarini ukimuuliza frigeti iko wapi, ataonyesha yangu. Kazi yake siku hizi ni kumlinda msafiri mpaka afike. Na huyo amefika."

Mwana Rehani akamnyooshea Vuai siwa, akairudisha mapajani. Akamnyooshea Ussi, akairudisha. Akamtazama Msellem, akaikumbatia. Alimpenda mumewe sana, na wote watatu walikuwa wamemletea. Kutoka jahazini bwana harusi akauliza, kwa adabu, kama pilau bado ipo.

Ipo, lakini inapoa. Je, nani alistahili siwa? Semeni upesi, jamani, mwenzenu bado yuko majini.