Pindo la Kanga ya Mwanasiti

Ukimvika mtu kanga yako, shika pindo.

Jana mlinisikia nikimwambia Zubeda maneno hayo, mkaniuliza yametoka wapi. Mna haki ya kuuliza, maana Zubeda mwenyewe hakuyaelewa. Mumewe amekanyagwa mguu na lori, wakili ameshapatikana, na redio inamvuruga kichwa. Huyu anasema mawakili ndio wanaokula fidia za watu, yule anataka sheria ipunguze fidia zenyewe, mwingine anasema bila wakili huambulii kitu. Zubeda akazima redio. Akaiwasha tena. Haya, sogeeni. Na wewe Zubeda mnyonyeshe mtoto huku unasikiliza. Maneno haya yalizaliwa hivi.

Palikuwa na kijiji cha wachoma chokaa. Wanaume walivunja mawe, wanawake wakabeba kuni, tanuri likawaka mchana kutwa. Kazi ya namna hiyo haikosi majeraha, basi wakajiwekea desturi. Mtu akiumizwa na mwenzake, haji barazani. Walisema mwenye kidonda akifungua kinywa, kinachosema ni kidonda. Abaki nyumbani, nguo yake avikwe msemaji, na lolote atakalosema aliyeivaa lihesabiwe limesemwa na mwenye nguo.

Ilikuwa desturi nzuri. Au labda haikuwa. Mpaka leo sina hakika.

Msemaji aliyesifika kuliko wote aliitwa Hamadi Tunu, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya baragumu. Punda wa jirani alipomuuma Mzee Shaibu paja, Hamadi alivaa shuka la mzee, akalia barazani: "Tangu siku ile akili zimeniruka! Hata mke wangu simjui!" Wazee wakaona huruma, Mzee Shaibu akapewa mbuzi, na nusu ya mbuzi hao wakaishia kwa Hamadi. Haukupita muda mzee akataka kumwoza binti yake. Akaambiwa, "Pole, bwana. Aliyerukwa na akili haozeshi."

"Lakini mimi mzima!"

"Ulisema mwenyewe."

Watu walicheka, kisha wakakasirika. Hasira ile akaidaka Sefu Makame, mwenye tanuri. "Hawa wasemaji ni kupe," alisema kila penye watu. "Wafukuzwe. Kila mtu aseme kwa kinywa chake. Na fidia iwe na mpaka: kuku mmoja, basi!" Wakampigia makofi, hata wenye vidonda. Ikapangwa kwamba shauri litakalofuata likiisha, wazee wakate neno.

Shauri lililofuata lilikuwa la Mwanasiti.

Mwanasiti alikuwa na mtoto mchanga, na mkono wa kulia usio na mfano katika kusuka ukili wa mikeka. Siku nyingine alibeba kuni tanurini. Asubuhi moja ukuta wa tanuri uliporomoka, makaa na mawe ya moto yakamwangukia mkono ule ule. Vidole vikajikunja, havikukunjuka tena. Alitaka kitu kimoja tu kwa Sefu: kipande cha chini cha shamba lake la minazi, apate nazi na makuti ya kumlelea mtoto kwa mkono uliobaki.

Alijaribu kujieleza mbele ya mama yake, akaishia kulia. "Nikisema mwenyewe nitalia hivi hivi, Sefu atashinda. Nikimtuma Hamadi atasema nimekufa. Na nikishatangazwa maiti, mama, nani atanifufua?"

"Hata mimi nimechanganyikiwa, mwanangu," mama yake alijibu. "Asubuhi nawalaani wasemaji, jioni nauliza Hamadi anakaa wapi."

Siku ya baraza Mwanasiti alimfunga Hamadi kanga shingoni, kanga kuukuu inayonukia maziwa. Hamadi akapiga hatua, kanga ikamkaba. Kugeuka, Mwanasiti kashika pindo kwa mkono wa kushoto, mtoto mgongoni.

"Niachie, dada. Wewe unabaki nyumbani."

"Kanga ni yangu. Iendako nakwenda."

Wakaingia barazani hivyo, kama mbuzi na mchungaji wake, na haikujulikana mbuzi ni yupi. Watu hawakuwa na mbavu. Mzee mmoja akauliza kama jambo hili linaruhusiwa. Mwingine akasema desturi imemkataza mwenye kidonda kusema, haikumkataza kushika nguo yake. Wakabishana, wakachoka, wakamwacha.

Hamadi akaanza: "Nimeangamia! Mkono umekatika, macho hayaoni..."

Pindo likavutwa. Hamadi akakohoa.

"Macho yangu mazima, kaka," Mwanasiti alimnong'oneza. "Sema mkono."

"Mkono," alisema Hamadi kinyonge. "Vidole havikunjuki."

Ndipo Sefu aliposimama, anatabasamu. "Wazee wangu, mwanamke huyu aliuona ufa ukutani asubuhi ile ile, akaendelea kubeba kuni. Ameyataka mwenyewe!"

Hamadi akavuta pumzi. Akishtakiwa yeye hukana, hiyo ndiyo kazi aliyoizoea. "Uongo! Hakuna aliyeona u..."

Pindo likavutwa kwa nguvu zote za mkono ule wa kushoto, mpaka Hamadi akakaa chini bila kupenda. Mwanasiti akamwinamia sikioni. Alichosema watu hawakukisikia. Walimwona tu Hamadi amenyamaza, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

Akainuka polepole. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Ufa niliuona. Wewe Sefu ulijuaje kwamba nimeuona?"

"Si ulikuja kuniambia mwenyewe!"

"Nikaja nikakuambia. Ukanijibu nini?"

Kutoka nyuma, walikokaa wabeba kuni, sauti ya mwanamke ikasema, "Alimjibu, 'Wewe beba kuni, ufa niachie mimi.'"

Mzee wa baraza akamgeukia Sefu. "Na huyo kuku wako mmoja, bwana, anajua kusuka ukili?"

Kipande cha shamba kikawa cha Mwanasiti. Hamadi akapewa nazi zake kama walivyopatana, akaenda zake anapapasa shingo. Kuhusu kuwafukuza wasemaji, wazee walibishana mpaka koo zikawakauka. Mzee Shaibu alitaka wafukuzwe wote. Alipoulizwa kama siku ya punda angejisemea mwenyewe, akajikuna paja. Mwisho wakabadili jambo moja tu: mwenye kidonda asibaki nyumbani tena. Akae nyuma ya msemaji wake.

Sasa, Zubeda mwanangu, kama wakili wenu ni mtu mwema mimi sijui, na hiyo redio nayo haijui. Ila anakwenda kusema kwa jina la mumeo. Basi msikae nyumbani kungoja habari. Nendeni, awasomee alichoandika. Palipo na uongo mwambieni hapana, na asilolijua mwambieni, hata lile mnaloliogopa. Mtoto tutakushikia sisi.

Ukimvika mtu kanga yako, shika pindo.