Mama Fuko na Jiwe la Waoga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Ah, hamjashiba? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Zamani, zamani kabisa, wanyama wa bondeni walijenga tuta la udongo ili mto usiwaingilie. Mkuu wao alikuwa Ngiri. Akaweka sheria: mtu asichimbe kwenye tuta. Chini ya tuta hilo alikaa Mama Fuko na wanawe watatu, wachanga, hata macho hawajafumbua.

Kila asubuhi, kabla ya kula viazi vya shamba lao, Ngiri aliuliza, "Tuta likoje?" Na wote walijibu... haya, jibuni na ninyi:

"Salama, mkuu! Tule!"

Basi siku moja Ngiri akaona mizizi mitamu imechomoza tutani. Akachimba kidogo kwa meno yake, akala. Asubuhi yake Mama Fuko akagusa ukuta wa shimo lake, una unyevu. Akaenda mbio barazani.

"Tuta likoje?"

"Salama, mkuu! Tule!"

"Si salama, mkuu," akasema Mama Fuko. "Kwangu kuna unyevu. Pale pale ulipochimba."

Ngiri akacheka. "Fuko, wewe pua yako huioni, leo umeona maji?"

Kanga akacheka kwa kuwa mkuu kacheka. Nungu akacheka kwa kuwa Kanga kacheka.

"Na tuta?" akauliza mtoto Siwatu, kati ya wasikilizaji wangu.

Tuta halikucheka, Siwatu.

Kesho yake Nungu naye akachimba. Kanga naye akaparura. Mama Fuko akawaambia, "Jamani, sheria!" Wakamjibu, "Mkuu kachimba, sisi ni nani?" Maji yakaanza kudondoka, to, to, to, juu ya watoto. Akaenda mbio tena.

"Tuta likoje?"

"Salama, mkuu! Tule!"

"Si salama, mkuu. Wanangu wanadondokewa na maji."

Safari hii Ngiri hakucheka. Akaonyesha jiwe kubwa, kule mbali na chakula. "Lile ni jiwe la waoga. Mleta habari mbaya atakaa pale, na atakula mwisho."

Mama Fuko akakaa jiweni siku tatu. Yalimfikia maganda matupu. Maziwa yakamkauka. Watoto wakalia nyii, nyii, mpaka sauti zikaisha. Na Kanga kila akipita, "Shikamoo, Bi Mafuriko!"

Siku ya nne aliamka, maji yamemfika vifundoni. Akajiambia, "Nikisema, narudishwa jiweni, na wanangu watakufa njaa. Ngoja nile kwanza, nipate maziwa. Nikishakula nitawahamisha kimyakimya." Akawapandisha juu ya majani makavu, akatoka.

"Tuta likoje?" Ngiri akauliza, macho kwa Mama Fuko.

Mama Fuko akageukia jiwe. Akanusa viazi.

"Salama, mkuu," akasema. "Tule."

"Hapo sasa umekuwa mwenzetu!" akasema Ngiri. "Mpeni kikubwa."

Akala kiazi cha kwanza. Cha pili alikuwa amekiuma tu, tuta likapasuka. Akakimbia na kiazi mdomoni. Akafika. Shimo hakuliona. Palikuwa na mto.

"Na watoto wake?"

Nimekwambia, Siwatu. Palikuwa na mto.

Ngiri yeye alipona. Alipanda juu ya lile jiwe la waoga, maana ndilo pekee lililobaki kavu. Akasimama pale, amelowa mpaka masharubu, akafoka, "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Wote kimya. Walishazoea.

Mama Fuko alikuwa bado ameshika kile kiazi. Hakukila, wala hakukitupa.

Basi wanangu, mkuu akichimba, wote watachimba. Na anayemkalisha jiweni msema kweli, siku ya maji asiulize kwa nini watu wamenyamaza. Lakini na wewe uliyegusa unyevu, sema, hata wakikucheka, hata ukila maganda.

Hadithi yangu imeishia hapo, mtoni.