Noti Moja ya Bi Mwanakombo

Hapo zamani, wasomi walipokuwa wengi kuliko akili zao, alikuwepo mjane aitwaye Bi Mwanakombo. Mumewe, Fundi Hemedi, alikuwa mpiga piano. Alifia ugenini, na huko huko ndiko alikomtungia mkewe kipande cha piano, dakika nne tu, cha kumwomba radhi kwa kumwacha peke yake. Bibi hakuwahi kukisikia. Na masikio yake yalikuwa yanaziba. Tabibu alimwambia wazi, "Bibi, vuli ikifika hutasikia kitu."

Bibi akawaita watu watatu waliojua kusoma noti za muziki mjini pale. Akawaambia, "Wanangu, nipigieni wimbo wa mume wangu. Atakayenipigia, piano ni yake."

Kazi ya dakika nne. Mnacheka? Ngojeni.

Kipande kilikuwepo mahali patatu: katika mswada wa mkono wa Fundi, katika toleo la kwanza lililochapwa, na katika kitabu cha mwanafunzi wake. Vyote vilikubaliana mpaka karibu na mwisho. Hapo, noti moja tu: mswadani ilikuwa ya huzuni, kwenye chapa, ya furaha, kitabuni mwa mwanafunzi imekatwa kwa penseli, kimya.

Noti moja! Basi wakapandwa na wazimu.

Daktari Mwinjuma, bingwa wa miswada, alisema, "Mkono wa Fundi ndio ukweli." Akauchukua mswada wa Bibi, akaufungia kabatini kwake, akawa anaunusa wino na kupima karatasi kwa rula. Bibi alipouliza, alijibu, "Subira, Bibi. Hii ni elimu."

Elimu! Kunusa karatasi!

Profesa Shaibu, bingwa wa chapa, alisema, "Mswada ni rasimu tu. Fundi mwenyewe alisahihisha kabla ya kuchapwa, ndiyo maana noti ikabadilika." Akamwandikia barua mpiga chapa wa ng'ambo, akaketi kusubiri jibu. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Bibi alipouliza, alijibu, "Subira, Bibi. Bila ushahidi tutakudanganya."

Mwalimu Mosi ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa Fundi kule ugenini. Alisema, "Chapa ilishatoka ndipo Fundi akaikata noti ile, mbele ya macho yangu. Neno lake la mwisho ninalo mimi." Huyu kipande chote alikijua kwa kichwa. Angeweza kukipiga siku yoyote, hata anasinzia. Lakini alisema, "Sigusi piano mpaka wale wawili wakiri kwamba penseli yangu ndiyo sahihi." Bibi alipouliza, alinuna.

"Jamani," Bibi akawasihi, "pigeni yoyote. Hata mkikosea."

Wakaruka wote watatu, "Astaghfirullah! Tukosee?" Siku hiyo ndiyo pekee waliyopatana.

Vuli ikaingia. Barua ya ng'ambo ikafika: mpiga chapa alikwishatupa karatasi zote. Profesa akanywea. Kwa aibu wakakubaliana kupiga mara tatu, kila mmoja na noti yake. Wakavaa makoti, wakaenda kwa Bibi, naye Bibi akaketi kando ya piano na kanga yake mpya. Mwinjuma akapiga mpaka machozi yakamtoka. Shaibu akapiga. Mosi akapiga, akafika kwenye kile kimya chake, akamaliza. Wakamgeukia Bibi wakingoja sifa.

Bibi akawatazama mikono, mmoja mmoja. Akasema, "Mbona hamwanzi?"

Hapo ndipo midomo ikafunguka kulaumiana. "Wewe uliufungia mswada!" "Na wewe uliyengoja barua je?" "Na huyu aliyekijua kipande chote akanuna?" Wakamwandikia Bibi kila mmoja karatasi ya kujitetea, kwa kuandika hawajambo.

Bibi akazisoma zote. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasioisikia sauti yao, "Piano ataichukua mwenye kosa dogo. Mwenye kosa kubwa ataketi kiti hiki kila asubuhi mpaka nife, aniandikie wimbo wa mume wangu unaliaje. Siku nitakayousikia, nitamsamehe."

Haya, nyie mliokuwa mnacheka, mbona kimya? Mmoja alificha, mmoja alingoja, mmoja aliweza akakataa. Je, nani alistahili kukaa kwenye kiti kile?